Mashine Imekataa Maji

Discovery Gardens, Dubai
Jumatano jioni

Dada yangu mpendwa Emiliana,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Joto limeanza kupanda, hata bomba la maji ya baridi mchana linatoa maji ya moto, lakini tumezoea. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu sauti zangu ukizifungua kwenye simu nyumba nzima inasikiliza, na baba mkubwa huongeza maoni yake. Barua hii utaikuta ndani ya sanduku, chini ya shati jeupe. Naomba uisome peke yako kabla ukoo haujakaa.

Najua umenikasirikia. Uliniagiza jambo moja tu: nguo za kaka Wilbard zifuliwe, zipigwe pasi, zifike kabla ya siku ya kuanua matanga, maana mama hataki watu wagawiwe nguo zenye jasho la ugenini. Marietha, yule binti wa Kamachumu anayefanya kazi za ndani hapa jirani, alikubali kulibeba sanduku akija likizo. Madam wake ameshamkatia tiketi na siku haisogei. Na wewe kila asubuhi ulinitumia sauti ukiuliza kama Dubai imenifundisha uvivu au imenifundisha kusahau. Dada, haikuwa uvivu. Ilikuwa mashine ya kufulia.

Mashine hiyo kaka aliinunua kwa Mfilipino aliyekuwa anahama. Kila Ijumaa yeye ndiye aliyefua, nguo zake, zangu, na za wenzetu wawili tunaokaa nao. Sisi hatukuiwasha hata siku moja. Unamjua kaka, hakupenda mtu aguse kitu alichokwisha kukipanga. Mtu akiacha shati kwenye kapu, akirudi kazini analikuta limekunjwa kitandani. Kwa hiyo nilipoweka nguo zake mle ndani na kutia sabuni, nilibonyeza kitufe kwa kubahatisha. Taa ikawaka. Mlango ukajifunga. Ikanguruma kama mjumbe anayesafisha koo kabla ya hotuba, kisha pipa likazunguka kavu. Maji hayakuingia hata tone.

Hapo ndipo Nick alipojitokeza. Nick ni mmoja wa wale wenzetu wawili, Mkenya, mhudumu wa mgahawa kule Al Rigga, na anajua kila kitu, hasa asichokijua. Akaniambia, wacha wasiwasi Joze, hiyo ni kitu ndogo. Akafungua na kufunga mlango wa mashine mpaka nikaogopa utang'oka. Akaivuta kutoka ukutani, akaona bomba la nyuma yake liko wazi mpaka mwisho. Akaunyoosha mpira wa maji. Akafunga bomba, akaufungua mpira, akakuta kichujio chake kidogo kimejaa mchanga, akakisugua kwa mswaki. Mswaki wangu, dada, si wake. Nilipolalamika akasema meno yangu yatafaidi madini. Tukairudisha, tukafungua bomba, tukabonyeza. Ikanguruma, ikanyamaza. Nick akaitazama akasema hii kitu ina madharau.

Utauliza kwa nini sikufua kwa mikono kama mama alivyotufundisha. Nilijiuliza hivyo hivyo. Lakini hapa ni marufuku kuanika nguo barazani, mtu akionekana na kamba anapigwa faini. Nguo isiyokamuliwa na mashine utaitundika chumbani penye kiyoyozi, itachuruzika siku nzima na mwisho itanuka uvundo. Na lile blanketi lake la kahawia likilowa halibebeki. Ningekutumia sanduku la ukungu, halafu ungeniambia nini?

Tukaita fundi. Anaitwa Zein, ana kibanda chake huko Al Quoz, na neno lake kubwa ni yalla, yaani haya twende. Alikuja akaitegea sikio, akasema vali inayoruhusu maji kuingia imekufa, inshallah kesho ataleta nyingine. Kesho haikufika mpaka kesho kutwa. Alipokuja akaifumua mashine yote, akatandaza vyuma jikoni mpaka hatukuwa na pa kukanyaga, na wakati huohuo simu yangu ikalia, ikawa sauti yako unauliza kama blanketi limekauka. Nick alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kuitupa simu ndani ya mashine.

Vali mpya ikafungwa. Hakuna maji. Fundi akakuna kichwa, akaniuliza kama nyumba ina koki nyingine mahali popote zaidi ya bomba la ukutani. Nikamwambia hakuna. Akafungua tena, akapima nyaya, akapiga makofi mawili kama anayekung'uta vumbi. Khalas, basi tena, akasema, ubongo wake umekwisha, tafuteni nyingine. Akaenda zake. Nick naye akampigia mtu anayekusanya vyuma chakavu, aje kesho yake aibebe.

Mwenzetu wa pili ni Ashiraf. Huyu ni Mganda, mlinzi, anasimama mlangoni pa watu kutwa nzima na akirudi miguu imemvimba. Jioni ile nilitoka dukani nikasikia maji bafuni. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya beseni, bado amevaa suruali ya kazini, anasugua ovaroli ya kaka kwa brashi. Ile ovaroli ya karakana, nzito, yenye grisi. Povu lilikuwa jeusi na vidole vyake vimeanza kuchubuka. Nikamwambia aache. Akasema, "Ssebo, bwana wangu, wewe pumzika. Wilbard alinifulia yunifomu tangu nilipofika hapa, na hata siku moja hakungoja nimwambie asante."

Dada, nilisimama mlangoni pale nikiona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sasa nikueleze ambalo sikuweza kulisema kwenye simu.

Unakumbuka simtanki la mama, lile lililokuwa likivuja koki yake ikiachwa wazi? Kila tulipokwisha kulala mama aliuliza kutoka chumbani kwake, nani kafunga koki? Na kila siku kaka alijibu, mimi, mama. Hata siku alizosahau alijibu hivyohivyo, kisha akatoka kimyakimya kwa ncha za vidole vya miguu kwenda kuifunga, na wewe ukamziba mdomo asicheke akirudi. Tabia hiyo alikuja nayo huku. Mwaka jana mpira wa mashine ulipasuka, maji yakashuka kwa jirani wa chini, tukatukanwa kwa lugha tatu. Kaka akaweka koki ndogo kwenye bomba la mashine linalopita chini ya sinki, nyuma kabisa ya ndoo ya buluu, na tangu hapo kila alipomaliza kufua aliinama akaifunga. Wenzetu hawakujua. Mimi nilijua, na nilikuwa nimesahau.

Niliikumbuka usiku wa ziara ya kwanza ya fundi, si kwa akili, kwa mkono. Nilikuwa natafuta sabuni nyuma ya ndoo, vidole vikagusa chuma. Mpini wake ulikuwa umelala upande. Imefungwa. Aliifunga yeye Ijumaa ile, kabla moyo wake haujasimama kule karakana siku ya Jumapili.

Ninyi huko mlimpokea. Mlishika jeneza, mlitupa udongo, mlilia pamoja. Mimi sikupewa ruhusa ya kuja. Nilionyeshwa karatasi za kusaini, nikaambiwa ameondoka na ndege ya mizigo. Kitanda chake kilishapewa godoro jipya. Simu yake ilizimika chaji. Katika nyumba hii yote kitu kimoja tu kilikuwa bado kimekaa vile mkono wake ulivyokiacha, nacho ni ile koki. Nikashindwa kuigeuza. Nilivuta kiroba cha mchele nikaiziba. Fundi aliponiuliza, nilimdanganya machoni pake. Wewe ulikuwa unanigombeza, na mashine nzima ilikuwa inafumuliwa, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya jibu. Nisamehe. Nilikuwa nakasirika kweli, lakini nusu ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nilipomwona Ashiraf na ile ovaroli, nilikwenda jikoni nikapiga magoti, nikasogeza kiroba na ndoo. Nilishika mpini kwa muda. Kisha nikaugeuza. Hausumbui, dada, ni robo ya mzunguko tu, ungeweza kuufungua kwa kidole kimoja. Nikabonyeza kitufe na maji yakaingia kwa kishindo. Nick alitoka chumbani mbio akipiga kelele, "Imekubali! Si niliwaambia ni ule mswaki!" Ashiraf alikuja na mikono yenye povu, akaitazama ndoo iliyosogezwa, akatazama vumbi kwenye magoti yangu. Alirudi bafuni kuileta ovaroli.

Kwa hiyo nguo hizo hapo, zote safi. Goti la kushoto la ovaroli lina doa la oili lililokataa kutoka, mwambie mama si uzembe. Sifa nimemwachia fundi na vali yake mpya, na mtu wa vyuma chakavu amerudishwa mikono mitupu. Tangu hapo Nick ameshalalamika tena kwamba mashine imeharibika. Haijaharibika. Nikimaliza kufua ninainama nyuma ya ndoo, ninaifunga. Nasimama kidogo pale jikoni, na hakuna anayeuliza.

Nisalimie shemeji, watoto, baba mkubwa na majirani wote waliotushika mkono. Marietha mpe ndizi za kutosha, amelibeba sanduku zito bila kununa. Na siku hiyo wageni wakishatawanyika, mama akiwa kitandani, naomba usikilize kama bado anauliza nani kafunga koki. Akiuliza, mjibu wewe. Huku najibu mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Josephat