Hii Omena Haina Magamba

Mama Akinyi,

Wewe ni mtu wa namna gani? Tangu tukuzike huko kwenu ziwani hujanijia hata kwa ndoto. Jirani yangu marehemu, ambaye hatukuwahi hata kusalimiana vizuri, anakuja kila mara kuniomba chumvi. Wewe, kimya. Mchungaji wetu anasema waliokufa wamelala, hawajui neno lolote. Haya, lala. Lakini geuza sikio huku.

Anayeandika ni binti yangu Kemunto, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemwambia aandike Kiswahili chetu, kile tulichokokota miaka yote kwa sababu mimi sikujua Kijaluo chako na wewe Kikisii kilikushinda. Akikinyoosha nitamnyima chakula, ingawa na yeye ni mama wa watu.

Unakumbuka ulivyokuja soko la Suneka mara ya kwanza na gunia lako la omena, hao dagaa wenu wa ziwani? Sikukusalimia. Nilikuuliza tu, "Hii omena ina magamba?" Sisi Wasabato samaki asiye na magamba hatumli, na unajua nilivyokuwa namkimbia mumi wako, yule kambare mwenye ngozi tupu. Ulicheka mpaka kitambaa kikakutoka kichwani. Ukachukua omena moja, ukaikwaruza na ule ukucha wako mrefu wa kidole gumba, ukanibandikia gamba mkononi. Lilikuwa dogo, linang'aa. Ukasema, "Mama Kemunto, angalia na macho kwanza, Biblia baadaye." Tangu siku hiyo sikununua kwa mtu mwingine.

Halafu mwaka ule ukaja mikono mitupu. "Ziwa imefungwa." Nikakuuliza kufuli limewekwa upande gani. Ulinicheka tena, shetani wewe, kisha ukanieleza kwamba serikali imesimamisha uvuvi wa omena miezi ile zizae, na ukivua mama na mtoto pamoja, mwaka unaofuata utauza maji. Nikakuambia hilo halihitaji serikali. Kuku anayelalia mayai hachinjwi hata mgeni akija.

Ulipokuwa mgonjwa ulinishika mkono ukaniambia, "Omena ya wizi, ziwa likifungwa, usinunue. Akinyi wangu atakula nini?" Nikaahidi. Kuahidi ni mdomo tu.

Basi ziwa likafungwa bila wewe. Nikauza mboga za chinsaga na ndizi. Wateja wakauliza omena, nikasema hakuna, wakapita. Akinyi akapiga simu kwamba anataka kuuza nyavu zako za kuanikia, aende mjini kufulia watu nguo. Ziwa likifunguliwa, alisema, litakuwa limeshachotwa na wezi, abaki afanye nini? Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Ndipo mwanamume mmoja akaja na gari la probox, magunia yamefunikwa na majani ya ndizi kama mtu anayeficha pombe ya chang'aa. Wanawake wa soko, wengi wao Wasabato wenzangu, wakamkimbilia. Ningewaambia nini? Habari ya ziwa? Wangesema, hiyo ni shida ya Wajaluo, sisi tunataka kuuza. Yeye naye akanigeukia, "Nyanya, usiponunua wewe, watu wa chakula cha kuku watanunua."

Nikaingiza mkono kwa gunia. Mama Akinyi, ilikuwa nyembamba kama uzi wa sweta! Nikaikwaruza. Nikaigeuza, nikaikwaruza tena. Nikatafuta lile gamba ulilonibandikia. Halikuwepo.

Nikapaza sauti, "Jamani, hii omena haina magamba!"

Mama Nyaboke, shemasi wetu, alikuwa amekumbatia gunia kama mtoto mchanga. Akaliachilia chini. "Haina?"

"Wewe una kucha. Kwaruza."

Wakakwaruza wote, wameinama kama wanachambua mboga. Mwanamume akapandwa na hasira, "Nyinyi wamama! Ni ndogo tu! Magamba itaota!"

"Basi rudisha mpaka iote!" nikamwambia.

Na Mama Nyaboke, mtu wa kanisa, akaongeza, "Mpeleke kwa mama yake akanyonye kwanza!"

Nilicheka mpaka nikageuka nikushike bega. Hukuwepo. Nikashika hewa... Kemunto, andika hivyo hivyo.

Yule mtu alikwenda mpaka Nyamira, lakini Wasabato wana midomo, habari ilifika kabla yake. Kila soko alikuta wamama wametoa kucha. Mwisho hao watu wa kuku walipoona hana pengine pa kwenda, wakamnunulia kwa bei ya kumtukana. Hakurudi. Sisemi tumeliponya ziwa, wezi hawaishi. Lakini mwizi bila mnunuzi amebeba tu harufu.

Ziwa lilipofunguliwa, Akinyi akashuka Suneka na omena nene, zinang'aa kama vijiko vipya. Nyingi mpaka bei ikalegea. Mama aliyekuwa ananunua kikombe sasa anabeba kopo zima la gorogoro. Nyavu hakuuza, ameongeza nyingine. Anasimama pale pale uliposimama, anapima anajaza mpaka inamwagika, halafu anaongeza konzi moja kama wewe. Na ana mdomo wako. Jana amemwambia mteja, "Nunua ama utoke kwa jua yangu." Nikajisikia nimekuona.

Kwa hiyo tulia. Maadamu nina vidole, omena changa haitapita mbele yangu, na Akinyi hatakosa pa kukaa wala cha kuuza.

Lala salama, rafiki yangu. Na siku ukija, kwa ndoto au kwa parapanda, usibishe hodi mbele kama mgeni. Pitia mlango wa jikoni, ugali utakuwa motoni. Na ule ukucha, usiukate.