Kitabu Nilichokihamishia Lalago

Nkololo, Bariadi
Jumapili, mwezi wa saba

Kaka yangu Keneth,

Mwadila. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Pasaka kimeshakuachia. Sisi huku tunapumua. Mama yetu Mayu hajambo, magoti yanamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anayasahau. Ng'ombe wako wa bukwe, mahari ya Lucy, wapo na wamenenepa, maana mvua mwaka huu zilichelewa kukatika na majani bado yapo. Mimi mwili hauumwi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nilikupigia juzi, ukapokea kwa furaha, nikakuuliza habari za mvua za Morogoro kisha nikakata. Neno lenyewe lilikataa kutoka. Kwa hiyo nimeandika, na nimempa kondakta wa basi pamoja na vitabu vyako na mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyokausha Mayu. Kabla ya yote nina ombi moja. Usimtume mshenga Lalago, wala usiruhusu ng'ombe hata mmoja atoke zizini, mpaka umefika mwisho wa barua hii. Uisome ukiwa umekaa, na Lucy asiwepo.

Ulitaka nikueleze vile vitabu vyako nimevionaje. Nitakueleza, kwa sababu jambo lenyewe limezaliwa humo humo.

Unajua utaratibu wetu wa msimu huu. Pamba ikishaingia nyumbani majirani wanakuja kuchambua uani kwetu, siku nyingine sisi tunakwenda kwao. Nyeupe inakaa huku, fifi yenye madoa inakaa kule, na mdomo wa kila mtu unafanya kazi kuliko mikono. Tangu uanze kunitumia riwaya, mimi nimesamehewa kuchambua. Kazi yangu ni kusoma. Na kwa kuwa Kiswahili cha vitabuni kinamchosha Mayu, naupitia mstari kwa macho, kisha nautoa kwa Kisukuma. Wasikilizaji wangu ni Mayu mwenyewe, Mama Januarius jirani yetu wa upande wa kisimani, na Specioza, mke wa fundi baiskeli.

Kitu ambacho sikuwahi kukuambia ni kwamba sitafsiri tu, nahamisha. Ukimsomea Mayu kwamba mtu alipanda lifti, atauliza lifti ni nini, Mama Januarius atamweleza kwa makosa, na hadithi itafia hapo. Kwa hiyo wahusika wote nawaleta huku kwetu. Kile kitabu cha mapenzi, cha daktari na binti muuza maua, kilikwenda vizuri sana. Daktari nilimfanya meneja wa kiwanda cha pamba, maua nikayageuza mchele wa kutoka Busega. Nilipofika kwenye harusi Specioza alilia mpaka akachanganya fifi na nyeupe, na Mayu akalazimika kurudia lundo zima. Maoni yangu mimi ni kwamba mapenzi yao ni matamu mno. Kurasa zote zile hakuna hata mtu mmoja anayenuka jasho.

Cha pili, kile cha mauaji, Mama Januarius alimtaja muuaji mapema kabisa, na alipatia. Alisema mwanaume anayemlilia marehemu kuliko ndugu wa marehemu ana lake jambo. Niliendelea kusoma hadi mwisho kwa ajili ya heshima tu.

Cha tatu ni kile ulichokisifia, ukasema kimepata tuzo na kwamba hiyo sasa ndiyo fasihi yenyewe. Kaka, mwandishi yule anaweza kumaliza ukurasa mzima akieleza pazia. Lakini alinishika, sitakudanganya. Unakumbuka, ni yule mwanamke wa visiwani, kwenye mashamba ya karafuu, anayemwacha mtoto wake wa kiume nyumbani kwa mume na kwenda zake. Miaka inapita, anarudi, anasimama mlangoni, na kitabu kinakwisha kabla hajapiga hodi. Kwa nini aliondoka, hatuambiwi. Ulisema uzuri wake upo hapo, kwamba msomaji ameachiwa nafasi yake. Uani kwetu hakuna anayekubali kuachiwa nafasi.

Mama Januarius alisimamisha kazi. Alisema mama hamwachi mtoto kama anayesahau kanga kwenye kamba, kwa hiyo ama kitabu kinaficha ama mimi naficha. Specioza akamuunga mkono. Nikaona pamba itakaa pale bila kuguswa, nikaamua kuwapa sababu kutoka kichwani mwangu.

Karafuu nilikuwa nimeshazigeuza pamba tangu mwanzo, na kisiwa nilikuwa nimekihamishia Lalago. Kwa nini Lalago na si kwingine, lawama ni zako. Tangu Pasaka umenijaza Lalago masikioni, Lucy wa Lalago, mnada wa Lalago, barabara ya kwenda Lalago. Na ule utani wako kwenye simu, kwamba mama yake Lucy alizaliwa peke yake na mama aliyekufa mapema, kwa hiyo Lucy hana mjomba wa kudai ng'ombe wake, na wewe umeponea hapo. Tulicheka sana siku ile.

Basi nikawaambia kwamba mwanamke yule wa Lalago alikuwa anapigwa, akakimbilia kwao. Lakini baba yake alikuwa ameshawatoa wale ng'ombe wa bukwe kumlipia mtoto wa kiume aoe, hakuwa na wa kurudisha. Wazee wakakaa. Wakaamua kwamba mtoto abaki kwa baba yake badala ya ng'ombe, na mama awe huru. Nilijisikia vizuri, nikaona hata nimemshinda mwandishi mwenyewe.

Mayu aliacha kuchambua. Aliuliza polepole ni nani aliyeandika kitabu hicho. Nikamwambia ni mtu wa visiwani, simjui. Akauliza mtu wa visiwani amejuaje mambo ya Lalago. Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kitabu kimekosea. Hakupigwa na mume, aliyempiga alikuwa mama mkwe, na mume alikuwa anatazama. Mtoto hakuwa wa kiume, alikuwa wa kike, tena alizaliwa akitanguliza miguu, ndiyo maana wakamwita Kashinje. Na mama hakuondoka mchana kweupe kama nilivyosoma. Aliondoka alfajiri, akamfunika mtoto kanga aliyokuwa amelalia, ili asishtuke kwamba harufu ya mama haipo.

Mama Januarius, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimfahamu, aliinamia pamba yake. Nikamwambia Mayu kwa haraka kwamba hayo ya Lalago hayamo kitabuni, kwamba ng'ombe na wazee nimewatunga mimi, kitabu ni cha karafuu. Akanitazama, akauliza kama ni mimi niliyetunga, basi ni nani aliyeniambia. Nikaapa kwamba hakuna.

Yeye aliendelea. Alisema kama jambo limeshaandikwa na watu wanalinunua dukani, basi afadhali lisemwe sawasawa na mwenyewe. Mume yule aliitwa Mihayo, mwenye ng'ombe wengi, nyumba yake haikuwa mbali na mnadani. Baba yetu alijua yote. Alimkuta Mayu kwao, akamwoa kwa ng'ombe wachache bila sherehe, na akamwomba jina la mtoto yule lisitajwe nyumbani kwake, kwa kuwa kila likitajwa atakuwa anamwona mke wa mtu mwingine. Mayu alikubali. Akasema amelibeba jina hilo hata baba alipokufa, kwa sababu ahadi haikuzikwa naye. Nilikuwa namwona kila siku ya maisha yangu, na kumbe sikuwa namjua. Huyo ni Mayu wetu anayekoroga ugali na kugomba kuku.

Sasa nisikilize. Nilipolala nilijaribu kujifariji kwamba kina Kashinje ni wengi, na kina Mihayo pia ni wengi. Kisha nikafungua ule ujumbe ulionitumia wa majina ya ukweni, ili mshenga asije akakosea. Uliandika wewe mwenyewe kwamba mama mzazi wa Lucy ni Eufrasia Kashinje, binti wa marehemu Mzee Mihayo wa Lalago. Mayu hajawahi kuusoma ujumbe ule. Yeye anamjua mama huyo kwa jina la Mama Lucy tu, kama tunavyoitana sote.

Sikutaka kukuandikia jambo kama hili kwa kukisia. Nikaaga kwamba nakwenda Maswa kutafuta vitambaa, nikapitiliza hadi Lalago. Nilipopiga hodi niliitikiwa kutoka ndani, na nakuapia, nilidhani Mayu amenitangulia. Sauti ni ile ile, hata ule mkwaruzo wa mwishoni. Kisha akatokea mlangoni. Ana mwanya wa Mayu na paji lako la uso. Alijua mimi ni wifi mtarajiwa wa mwanawe, akanikaribisha kwa furaha, akanichinjia kuku nisiyeweza kumla.

Nilimwuliza habari za wazazi wake kama mtu anayetaka kuujua ukoo. Alisema baba yake alimwambia mama alikufa akiwa yeye mdogo sana, na kwamba kaburi lake liko mbali, lisitafutwe. Alisema jambo la pekee alilokulia nalo ni kipande cha kanga, bibi yake alikuwa akikificha na yeye akikifukua, mpaka kikaisha chenyewe kwa kufuliwa. Aliyasema hayo akicheka, kama kichekesho cha utoto. Nilimwomba maji ya kunywa ili anigeuzie mgongo.

Sikumwambia kitu. Si kazi yangu kuingia nyumbani kwa mtu mara ya kwanza na kumfufulia mama, kisha kwa mdomo huo huo kumvunjia harusi ya binti. Lakini haiwezi kukaa muda mrefu. Mama Januarius ana ndugu Maswa, na Specioza ana simu isiyopumzika. Wao hawajui majina ya ukweni kwako. Siku mshenga atakapoyataja hapa nyumbani, watajua.

Mayu naye hajui bado, na hilo ndilo linaloniumiza. Tangu aseme yale amekuwa mwepesi, anaimba akikoroga uji. Ameniambia kwamba siku ya kupeleka bukwe atakwenda Lalago yeye mwenyewe, hata kama si desturi ya mama wa bwana harusi. Anasema ukweni kutakuwa na watu wengi wa kijiji, na hatakosa mmoja wa kumwelekeza aliko Kashinje. Anataka kumwona tu, hata kwa mbali, na kama amekufa aonyeshwe alipolala. Jana aliniuliza kama Mama Lucy ni mtu mwema, kama anaweza kumwuliza yeye. Nikasema ni mtu mwema.

Kwa hiyo, kaka, nakuambia kwa maneno yasiyo na pazia. Mama yake Lucy ni dada yetu, wa tumbo moja na sisi. Lucy ni mtoto wa dada yako. Sikuulizi mmefikia wapi, na kama kuna jambo hujaniambia, usinijibu kwa barua. Najua unampenda. Nilikuwa naanza kumpenda na mimi kwa hadithi zako tu. Nimeandika na kufuta mahali hapa mara nyingi nikitafuta namna ambayo haitakuumiza, sikuipata. Mwambie Lucy wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu wa sokoni. Kisha njoo nyumbani. Mayu nitamwambia ukiwa umefika, ili awe na mtoto mmoja kila upande.

Na ule utani wetu nimeukumbuka usiku kucha. Lucy anaye mjomba. Siku atakapoolewa, na Mungu ajalie aolewe na mtu mwema, wewe hutakuwa wa kutoa ng'ombe. Utakuwa wa kupokea.

Vitabu vyako vyote nimevirudisha, hata kile cha tuzo. Nilirudia ukurasa wa mwisho kabla ya kukifunga, pale mwanamke anaposimama mlangoni bila kupiga hodi. Nilikuwa nimekasirika kwamba mwandishi hakumalizia. Sasa namwelewa.

Mama Januarius anakusalimu, na Specioza pia, wote hawajui nakuandikia nini. Mayu anasema usisahau kula, na kwamba michembe uiloweke usiku ndipo uichemshe na karanga. Kila simu nimekuwa nikimalizia kwa kukuomba umsalimie wifi yangu. Msalimie tena leo. Ukishapata nguvu ya kumwambia yote, mwambie salamu hizo zinatoka kwa mama yake mdogo.

Ni mimi dada yako,
Evalina Nkinda