Jina ya Verediana na Toroli Yangu

Nyabugogo, Jumanne, 1992

Na hii yote ni kosa ya mdomo yangu.

Mzee Gaspari anachunga depo ya toroli zetu, macho yake haioni tena. Asubuhi kila mtu anamnong'oneza neno yake ya siri, ndiyo anapewa toroli. Mimi niliweka Verediana, jina ya marehemu bibi yangu. Lakini kila nikiinua gunia napiga kelele, "Verediana!" Soko yote inajua. Leo mwizi akasema hiyo jina, akapewa. Nilimkamata kwa daraja, nikamnyang'anya. Bila toroli ningekula nini?

Mzee akanicheka. "Wewe bwana, si ungeiandika tu kwa mlango? Leta maneno nne zisizojuana. Funga macho, zunguka, onyesha kidole."

Nikifungua macho, mara ya kwanza ni mbuzi. Halafu padri anapita. Halafu sabuni. Halafu paa.

"Utakumbuka namna gani?"

"Mbuzi inaogesha padri na sabuni juu ya paa."

"Mungu akusamehe!" Akacheka mpaka akakohoa.

Naogopa Jumapili nitacheka kwa misa. Tena nimeandika yote hapa, mjinga mimi! Kesho hii karatasi inawasha makaa.

Verediana nitaendelea kumwita kwa magunia. Sasa jina yake haifungui mlango ya mtu. Iko yangu tu.