Maji ya Shimo la Migomba

Kikwe, Meru,
Arusha.
Ijumaa, 12 Septemba 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Nelson,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa ulipoona mwandiko wangu, na kama hujaitoa, itoe sasa, nakusubiri. Hujambo huko Mwanza? Mkeo Simaloi na watoto hawajambo? Wanakula? Kwenye ile picha uliyotuma kwa simu ya baba yako ulikuwa na shingo kama jogoo aliyenyeshewa. Nikasema, huyu mume wangu mdogo ananyimwa chakula au ananyimwa usingizi. Mwambie Simaloi nimeuliza.

Sisi ni wazima, Mungu ashukuriwe. Goti langu la kushoto linasumbua, lakini hilo lilianza kabla hujazaliwa. Baridi imekwisha, vumbi limeanza. Ng'ombe mmoja amezaa, ndama jike.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza, "Bibi subiri, Bibi nisikilize." Barua haikatizwi. Darasa la nne langu linatosha kwa haya, na ukikuta herufi imekosewa, pita kimya.

Nelson, nina ugomvi na wewe. Krismasi ulikuja hapa na elimu yako ya kiwanda cha nguo, ukamfundisha dada yako Hanna kwamba mgomba ukishakatwa mkungu si takataka, una nyuzi ndani yake, unaweza kuwa kitambaa. Nani alikwambia kwetu mgomba ni takataka? Mgomba ni chakula cha ng'ombe, ni mbolea ya mibuni, na jani lake ndilo tunalokatia nyama. Hilo neno takataka mmelileta ninyi mliosoma.

Lakini mtoto ameishika kazi, sikatai. Anachuna mgomba gamba kwa gamba, anaparua kwa kisu butu, analoweka kwenye shimo alilotandika nailoni, na juu anamwaga maganda ya ndizi ili vichachuke upesi. Kila Jumamosi anakwenda Kimandolu kwa mama lishe kuomba maganda hayo, na kokwa za parachichi na maganda ya vitunguu vya kutilia rangi. Mjukuu wangu mimi, anarudi na gunia la makombo! Mama mmoja kanisani aliniuliza kama siku hizi tunafuga nguruwe. Nikamjibu ndiyo, karibu uingie bandani.

Kitambaa chenyewe nimekishika. Mwanzoni ni kigumu, ukikifikicha kinalainika, na rangi yake ni kama udongo mwekundu baada ya mvua. Fundi mmoja wa Themi ameagiza mita ishirini za kushonea mikoba. Tangu hoteli ile imwachishe kazi, Hanna hakuwahi kuamka akiimba. Sasa alikuwa anaimba. Sikumwambia kwamba kitambaa ni kizuri. Ukimsifu mtoto mapema, analegeza mkono.

Sasa soma polepole. Jumatano ya wiki iliyopita jumuiya ilikuwa inasali hapa kwangu, na mwinjilisti anakuja. Shimo lilikuwa na siku kumi na mbili, linanuka kama panya aliyefia kwenye pipa la pombe. Asubuhi ile maji yake yaliingia mferejini.

Chini yetu, Agnela, mke wa Melkizedeki mwenyekiti wa mfereji, bomba lake lilikuwa kavu. Alichota maji ya mfereji akaloweka majoho meupe ya kwaya. Majoho kumi na manne, ya sikukuu ya mavuno. Wewe umekulia hapa, unaujua utomvu wa mgomba ukishika nguo nyeupe. Utafua mpaka sabuni ikuchoke, doa liko palepale. Yote yametoka na mabaka kama ndama.

Melkizedeki akafuata maji kwa miguu mpaka kwetu, watu nyuma yake. Akakuta tuta la shimo limekatika.

Hanna akamwambia, "Baba, watakuwa fuko wamechimba."

Melkizedeki akainama akagusa udongo. "Fuko wa kwenu siku hizi wana majembe?"

Watu wakacheka. Hanna hakucheka.

Kesho Jumamosi ni mkutano wa mfereji. Wazee wameshasema: aliyemwaga uchafu kwa makusudi, kisha akadanganya, shimo lake lifukiwe na asiloweke tena kitu chochote kwenye mashamba yanayokunywa mfereji huu. Na ni shamba gani hapa lisilokunywa mfereji huu? Baba yako Sadoki anasema hawezi kumtetea mwongo, hata akiwa binti yake. Jana nilimkuta Hanna anafungua nyuzi kwenye mtambo wake wa kufumia. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema, "Bibi, acha tu." Mtoto huyo hajawahi kuniambia acha tu.

Nelson, jembe lilikuwa langu.

Hanna alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilipiga tuta mara tatu tu, maji yaende zake kabla wageni hawajafika. Niliona aibu mwinjilisti asome zaburi nyumbani kwangu huku ameziba pua. Nilidhani mfereji utayameza. Nikasahau kwamba ni Septemba, maji ni uzi tu, siyo yale ya masika. Kisha nikaosha jembe, nikalirudisha mahali pake, nikabandika chai.

Na waliposimama pale shimoni nami nilikuwepo, nimejifunga kanga yangu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Watoto wa siku hizi!" Siku tisa neno hilo limenikaa kooni. Babu yako alichimba mfereji ule kwa mikono yake. Mimi ndiye ninayewakemea wanawake wanaofulia kwenye chanzo. Nitauweka wapi uso wangu?

Faini siiogopi, wakitaka beberu, yupo. Ninachoogopa ni Hanna kugeuka kunitazama mbele ya watu. Mara tatu nimekwenda mpaka mlangoni pake, nikarudi na kisingizio cha chumvi.

Usifikiri wewe umepona. Ulimfundisha kuloweka, hukumfundisha maji ya kuloweka yamwagwe wapi. Mwandikie haraka. Hanna anasema majoho yanaweza kutiwa rangi ya kokwa za parachichi yote yakafanana. Nani ameona kwaya ya Kilutheri ya rangi hiyo? Lakini Agnela hakukataa, aliuliza tu kama itashika.

Joel wa jirani, aliye kondakta wa basi la Mwanza, anapita jioni hii kuchukua barua. Ndiyo maana nimeandika leo na sikungoja mkutano uishe. Ikishatoka mkononi mwangu, yupo mtu wa damu yangu anayejua, na mimi si mwanamke wa kusema hivi kwa kalamu na vile kwa mdomo. Hanna nitamwambia kesho njiani, tukiwa tunatembea, asipate nafasi ya kunitazama sana. Kisha nitasimama kabla Melkizedeki hajafungua mkutano kwa sala, maana akishasema amina nitatafuta sababu ya kukaa.

Nisalimie Simaloi na watoto, uwabusu wote, hata yule anayeng'ata. Baba yako anakusalimu, ingawa amenuna. Agnela nisingethubutu kukuletea salamu zake.

Mungu aliyekudaka ulipoanguka kutoka kwenye mparachichi asikuachie huko pia. Na mimi niombee kesho saa nne asubuhi, miguu isinigomee.

Bibi yako akupendaye, na ugomvi wetu bado,

Elinipa