Mdogo Wangu Seneta Anataka Kumtumia Marehemu Mama Kwenye Mdahalo

Mpendwa Bi. Rozalie, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, maana tangu jana hasira haijanitoka. Mimi ni dada mkubwa wa seneta wetu, huyo huyo anayeomba muhula wa nne, na kila uchaguzi ukifika nina kazi ambayo watu hawaijui: kwenye mazoezi ya mdahalo, mimi ndiye ninayejifanya mpinzani wake. Napewa faili la maneno ya mpinzani, tunasimama wawili kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, wasaidizi wake wanashika saa, na mimi namrushia maswali makali mpaka azoee kuyajibu, kwa sababu mwenyewe husema hakuna anayejua kumkera kama mimi niliyemlea.

Mwaka huu mpinzani ni yule daktari wa mifugo, na swali lake kubwa ni hospitali. Mdogo wangu, nimwite Verlin, alipiga kura ya hapana zilipojadiliwa fedha za hospitali ndogo za mashambani, na mwaka uliofuata hospitali ya mji wetu ikafunga chumba cha dharura, na Aprili hii mama yetu akapata mshtuko wa moyo tukiwa tunamenya viazi, ikabidi apelekwe hospitali iliyo maili sabini, ambulensi ikiendeshwa na Duane, dereva wa basi la shule anayejitolea, na mama akafia njiani nikiwa nimemshika mkono, hata nusu ya safari hatujafika. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Usimsumbue Verlin, ana mkutano." Nikamtii. Sikumpigia simu mdogo wangu mpaka yote yalipokwisha, na jambo hilo linanitafuna mpaka leo.

Sasa, wiki mbili zilizopita Verlin akanipigia, sauti ya upole, akaniuliza, "Dada, mama alisema nini mwishoni?" Tangu mazishi hakuwahi kuuliza. Nikalia kwa furaha, nikasema afadhali hatimaye ameanza kuomboleza, nikamsimulia kila kitu, blanketi lilivyokuwa, mkono ulivyopoa, mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanapandwa pande zote za barabara. Kumbe alikuwa anaandika.

Jana Jumapili, kwenye mazoezi, nikamuuliza kama faili lilivyosema: "Mheshimiwa Seneta, mgonjwa wa moyo katika mji uliokuzaa aende wapi?" Akatazama pale kamera itakapokaa, akasema, "Naujua uchungu huo. Mama yangu alifia kwenye ambulensi. Nilimshika mkono. Akaniambia, 'Mwanangu, usiiache kazi uliyoianza.'" Wasaidizi wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi, na mkubwa wao, Traynor, akanigeukia: "Leo umekuwa mzuri sana, mama, ila ukishapewa jibu usiduwae hivyo. Mpinzani hataduwaa."

Nikamvuta Verlin mpaka jikoni, nikamwambia, "Wewe hukuwemo mle."

"Sikuwemo kwa sababu hukuniita, dada. Ungeniita ningekuwemo. Basi niache niwemo kwenye hadithi."

"Mama ni hadithi?"

"Punguza jazba. Hakuna mpiga kura atakayeuliza nani alikaa kiti gani. Nikishindwa mimi, hata hiyo barabara yenu ya kwenda hospitali hakuna atakayeitazama."

Akatoka na mkate wa jamu mkononi. Mdahalo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nikisema ukweli namwangusha mdogo wangu wa pekee, nikinyamaza namzika mama mara ya pili, na yeye anajua kabisa kwamba pale aliposema sikumuita alinishika pabaya. Nifanye nini?

Dada Mtu

*

Dada, pole kwa msiba, na pole kwa mdogo mwenye uso mkavu kiasi hicho. Pole zangu zinaishia hapo.

Miaka kumi na minane, mihula mitatu ya miaka sita, umekuwa ukimfundisha mtu kukwepa maswali. Ulidhani anajiandaa kuwakwepa akina nani? Ni sisi. Mume wangu ana kifaa cha moyo kifuani, na mimi nililala na swali hilo hilo la aende wapi muda mrefu kabla hujaliuliza kwenye ukumbi wa kanisa. Ulifurahi kuitwa hodari wa kumkera, kilemba cha ukoka hicho, na hukujali kwamba kila ulipomnoa yeye tuliokatwa ni sisi wengine. Limekuuma lilipomfikia mama yako. Sawa, limekuuma, basi usiupoze uchungu huo.

Halafu katika hasira zako zote hukuliona hili: swali lako hakulijibu. Uliuliza mgonjwa aende wapi. Amemchukua mtu aliyekufa kwa sababu ya kura yake mwenyewe, akajifunika naye ili asiulizwe habari za kura hiyo. Uongo wa mkono na neno la mwisho ni mbaya, lakini huo wa kuificha kura unaua wengine.

Kuhusu simu ambayo hukupiga: ulikosea. Mwana ana haki ya kuitwa mamaye anapokata roho, hata mama akikataa. Mwombe msamaha kwa hilo, umuombe kwa moyo, na usimruhusu ajilipe kwa uongo. Akikurudishia neno hilo tena, mwambie tayari umeomba radhi, sasa ni zamu yake.

Nenda nyumbani kwake, si ofisini, na Traynor asiwemo. Mwambie amtoe mama kwenye jibu lake. Usimpe sentensi nyingine ya kuweka badala yake, maana najua mkono utakuwasha. Akikataa, kaa na Duane, andikeni nusu ukurasa wa yale mliyoyaona ndani ya ambulensi, mtie sahihi wote wawili, mmletee mhariri wa gazeti hili kabla ya kesho saa kumi jioni. Usimpelekee yule daktari wa mifugo. Naye ana uchaguzi wa kushinda, na mama yako atatumika upya. Na siku ya kupiga kura, ukiwa peke yako na karatasi yako, mpigie mwenye kulijibu swali lako, awe ndugu au asiwe.

Uliniomba nifiche jina lako, nami nimelificha. Lakini jimbo hili lina seneta mmoja tu anayeomba muhula wa nne, na huyo ana dada mmoja. Ndiyo maana Jumamosi nilikupigia kukuuliza kama unalijua hilo. Ukasema, "Chapisha."

Basi nimechapisha. Leo ni Jumanne, mdahalo ni keshokutwa, na wasaidizi wake husoma gazeti hili kila siku saa moja asubuhi, kuanzia ukurasa wa kwanza. Huu ni wa kumi na moja. Washa gari, umfikie Verlin kabla hawajaufikia.