Tundu Kwenye Bitana

Jumatatu, 3 Machi

Mikoba minne leo. Mitatu ilikuwa na hadithi moja — fundi, toa kishikio cha ngozi, weka mnyororo. Mwezi uliopita ilikuwa vimikoba vidogo, haviingii hata leso, na bado walitaka nivipunguze! Sijui ni nani huamka asubuhi akaamua mambo haya.

Uongo. Namjua. Ni mdogo wangu.

Kitinda mimba wa mama; mimi humwita Kitinda. Huko kwenye simu wanamwita Malkia wa Mikoba. Watu laki tatu humtazama akibana mkoba kwapani, na kesho yake wanakuja kwangu wanataka kwapa lao lifanane na lake. Mimi ni mmoja wa hao laki tatu. Nimejiandikisha kwa jina la Sindano Butu, picha ya ua. Hajui.

Kila siku saa saba naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, juu ya cherehani, tunakula pamoja. Yaani mimi nakula. Yeye anaongea.

Leo kasema mikoba mikubwa yenye lebo ya dhahabu mbele ni "mikoba ya mashangazi". Akacheka. Kicheko cha mama, vile vile, mpaka ule mkoromo wa mwisho. Nikapaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Keshia wa benki kaja na mkoba wake wa lebo ya dhahabu. Nilijua atakuja. Mkoba wa maana hasa, kaulea miaka minane kama yai; mvua ikinyesha yeye hulowa, mkoba haulowi.

"Dada, nivulie hii lebo."

Nikamwambia mshono huu hata mimi siuwezi, kuugusa ni dhambi. Akasema anajua. Akasema bado anaupenda, ila siku hizi akiushika anajiona mzee, na vijana wa ofisini wameanza kumwamkia kwa kuinama mno. Nikaitoa. Pale ilipokuwa pamebaki kidoa, ngozi haijawahi kuona jua. Hakuitupa lebo. Kaifunga kwenye tishu, kaitia kwenye sidiria.

Baada ya saa kumi hakuja mtu. Nimezungumza na cherehani. Nayo leo haikuwa na la kusema.

Alhamisi, 6 Machi

Chakula kimepoa hapo mezani. Sikigusi.

Kautoa mkoba wangu! Mbele ya laki tatu! Ule wa kahawia, niliomshonea mwenyewe kwa ngozi ya kochi la mama. Miaka sita sijauona. Nilidhani aliutupa kona ya kwanza.

Ni wangu, hapa siwezi kukosea. Mimi ni mashoto, mishono yangu yote hulalia upande wa pili, kila fundi anajua. Nikausogelea uso wa simu mpaka pua ikagusa kioo.

Anasema ni kazi ya mzee mmoja wa ng'ambo, hushona mikoba mitatu tu kwa mwaka, ukiutaka unaandikisha jina na kusubiri. Mzee wa ng'ambo! Nimepewa ndevu na pasipoti siku moja.

Halafu akaufungua. Akaonyesha mfuko wa ndani, akapitisha vidole viwili chini yake. "Mnaona? Hili ni tundu la siri. Mkoba wa kweli lazima uwe nalo. Wa bandia hauna."

Nimecheka peke yangu chumbani hadi nikaiogopa sauti yangu. Tundu la siri! Kila mkoba hushonwa ndani nje, kisha unageuzwa kupitia upenyo mdogo kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani. Mimi upenyo huo huuacha ndani ya mfuko, usionekane. Kazi ya mwisho kabisa ni kuuziba. Asubuhi ile nilisahau. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Fundi mwingine angelifanya, ningemsimanga mwaka mzima.

Ila nimeona kitu ambacho hakukisema. Kona ya chini, ya kushoto, imelika. Kishikio kimekuwa cheusi, kimelainika kwa jasho la kiganja. Mkoba wa kupigia picha hauwi hivyo. Huo unabebwa kila siku, simu ikiwa imezimwa.

Kwa nini basi hasemi ni wangu?

Ijumaa, 7 Machi

Wameanza. Mwanafunzi wa chuo kaja mbio na mkoba mpya, bado unanukia duka.

"Fundi, nitobolee mfuko wa ndani. Kama wa Malkia."

Tundu la kazi gani? Akanitazama kama nimetoka shimoni. "La kuwa nalo!"

Nikatoboa. Nilikuwa nimechomeka chaki yangu kwenye mfuko huo huo nisiipoteze. Ikaponyoka. Nikaukung'uta mkoba, kimya. Nikapitisha vidole viwili, hakuna. Chaki imekwenda nyuma ya bitana, imejikalia kwenye kona, na yule binti angeibeba miaka kumi asijue.

Nikakaa chini. Sakafuni, si kitini. Binti akaniuliza kama naumwa.

Ufunguo.

Niandike sasa, maana sijawahi kuandika. Miaka sita iliyopita Kitinda alisema anaacha chuo, anahamia kwa wenzake wakapige picha. Tulirushiana maneno kutwa nzima. Nilimlea tangu ana miaka tisa, mama alipotutoka; nikajiona nina haki ya kusema lolote. Nikalisema. "Ukitoka humu, usije kunipigia hodi tena!" Mtaa mzima ulisikia.

Alfajiri nikamalizia ule mkoba. Macho yamevimba, sindano siioni. Nikachukua ufunguo wa mlango, ule wa mama, wenye kichwa kilichopinda. Nikaushonea kivazi cha ngozi usikwaruze bitana, nikautia mfuko wa ndani. Sikumwambia. Kiburi. Nilidhani utasema wenyewe: mwenye ufunguo hapigi hodi. Anaingia tu, ni kwao.

Akaondoka. Hakurudi. Nikajua ameuona, akaudharau. Miaka sita nimejua hivyo. Nimekula nalo, nimelala nalo. Kuna siku nilimchukia kabisa.

Kumbe hajauona. Kumbe anaubeba.

Jumapili, 9 Machi

Namba yake ya zamani haipatikani. Nimemwandikia kwenye kisanduku cha ujumbe — kimekaa hakijafunguliwa, chini ya maelfu. Kila kitu chake kinapitia kwa msaidizi. Wanasema hata viatu vyake kwa fundi hupelekwa na msaidizi.

Nikaandika chini ya video, hadharani. Nilifuta mara tatu. Mwisho nikaacha hivi: "Ingiza mkono kwenye tundu mpaka kona ya chini, kushoto. Kuna kitu chako."

Mmoja kanijibu: bibi, umetumwa? Mwingine: matapeli hawapumziki hata Jumapili. Kisha nikazama chini ya mioyo na moto, elfu nne na kitu.

Nimemlea mimi. Nimemwogesha. Sasa napanga foleni na watu laki tatu nimpe habari ya mlango wake mwenyewe. Inauma, basi. Sina njia nzuri ya kuliandika hili.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike polepole.

Saa tisa alasiri aliingia laivu. Na mkoba. Nikabandika maneno yangu, nikabandika tena, kama mtu anayeuza karanga. Mara ya kumi na moja kuna mtu akaandika, jamani muingizie mkono huyu Sindano Butu anyamaze! Wengine wakadaka: mkono! mkono! mkono!

Kitinda akacheka. "Haya, Sindano Butu, umenichosha." Alilitamka jina langu. La uongo, lakini langu.

Akaingiza vidole. Akasukuma mkono wote, bitana ikalia — traa — na mimi huku nikashtuka kama nimechanwa mimi. Akapapasa kushoto. Uso ukabadilika. Akatoa kipande cha ngozi ya kahawia, kimeshonwa pembeni, mshono umelala upande wa mashoto. Akakifungua.

Ufunguo wa mama.

Mioyo inapanda, watu wanauliza ni wa gari gani. Malkia akausogeza karibu na macho. Akaugeuza huku na huku. Akapitisha kidole pale kichwani ulipopinda. Akasema neno moja tu, chini chini.

"Kumbe."

Skrini ikawa nyeusi.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna video leo. Hakuna hata picha. Saa saba nimekula nikitazama kopo la vifungo.

Lakini wateja! Bibi harusi mtarajiwa, na mashoga zake wawili. Wanataka ufunguo kwenye bitana.

"Ufunguo wa wapi?" nikauliza.

"Wowote tu, fundi. Mradi uwe mkuukuu."

Mmoja anataka na kivazi chake cha ngozi, mshono ulale "kama ule wa mzee wa ng'ambo". Nikamwambia huo naweza kuujaribu. Wakashukuru. Walipotoka nililia, tena si kidogo.

Keshia naye kaja. Kaitoa lebo kwenye ile ile tishu. "Nirudishie, dada. Wiki nzima naubeba kama mkoba wa mtu mwingine." Nikamshonea palepale, kwenye kidoa chake, tundu kwa tundu. Tulikuwa wawili chumbani, na sikutaka uzi uishe.

Jioni, nazungusha ufunguo kufunga mlango, nikauchomoa nikautazama. Kitasa!

Nilikibadilisha mwaka jana. Niliwaambia watu kimechakaa. Hakikuchakaa. Nilichoka kusikiliza mlango.

Ufunguo wa mama haufungui chochote.

Jumatano, 12 Machi

Kitasa cha zamani kilikuwa ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa. Kwa hiyo siku zote hizi ndicho kilichokuwa kinamsimamisha Kitinda pale juu ya cherehani. Nimekimwaga mezani, nikakipaka mafuta.

Jirani yangu, fundi vitasa, alikuja na maneno yake. "Dada, watu wanatoa kichovu wanaweka kipya. Wewe unatoa kipya unaweka kichovu. Umeona wapi?" Nikamwambia ndiyo staili ya sasa. Kacheka mpaka kaangusha bisibisi. "Basi mwaka huu nitakuwa tajiri!"

Kakifunga. Kikajaribu kututoa jasho kama zamani. Kitasa hiki kina wazimu wake: ukiwa nje, lazima kwanza uuvute mlango kwako, kwa nguvu, ndipo uzungushe. Ukizungusha bila kuvuta, unakwama hapo hata siku nzima. Mama alijua. Mimi najua. Kitinda alikuwa anavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani.

Jirani akataka akisawazishe kabisa, dakika tano tu. Nikamkatalia. Akanitazama vibaya, akaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Sijafungua kazi leo. Mlango umefungwa kwa ufunguo, tangu asubuhi. Mlango ulio wazi ufunguo wake ni wa nini?

Ufunguo wangu nimeuchomoa upande wa ndani. Tundu liwe huru.

Saa nne — hodi, hodi! Mwanafunzi wa chaki. Sikuitika. Saa tano hodi nyingine, wanawake wawili, wanasema fundi kawa staa sasa, anaringa. Saa saba jirani kagonga dirisha kuuliza kama nimekufa. Nikamjibu bado. Akasema sawa, akaenda zake.

Bado kwenye simu hakuna kitu. Siku ya tatu. Watu wameshaanza kumwuliza mwenzake mwingine, msichana wa vikapu. Yeye anasema mikoba imepitwa, sasa ni vikapu. Wiki ijayo watakuja na vikapu.

Labda atamtuma msaidizi anirudishie ufunguo ndani ya bahasha. Labda hatamtuma mtu. Nimejiambia nitangoja leo tu. Hata nilipokuwa nabadilisha kitasa mwaka jana nilijiambia hivyo hivyo.

Saa tisa na nusu. Gari limesimama. Mlango wa gari, kisha viatu. Visigino virefu, vinakwepa mawe. Vimefika kizingitini.

Hapigi hodi.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Nikisimama nitafungua, na sitaki kufungua. Nataka aingie.

Ufunguo umeingia kwenye tundu. Nimeusikia unavyokwaruza, upande ule uliopinda. Unazungushwa. Umekwama.

Msaidizi hawezi kujua. Msaidizi atazungusha tena, atazungusha, mwisho atapiga hodi.

Kiatu kimegusa ukuta.

Mstari wa mwanga uliokuwa unapenya pembeni mwa mlango umepotea. Mlango umevutwa