Tarehe Iliyopakwa Ukutani

Jumatano, 2 Agosti 1967

Nimeipata! Misheni ya kule Homa Bay, kitabu cha ubatizo, ukurasa wa arobaini na moja. Nashon, mwana wa Javan na Zilpah, amezaliwa 13 Agosti 1917. Karani alitaka nirudi wiki ijayo, eti kitabu kiko juu sana kabatini. Nikapanda mwenyewe.

Maisha yangu yote naambiwa "ulizaliwa wakati wa mawele." Mawele ya mwaka gani? Kipande changu cha serikali kinasema 1920 kwa sababu afisa alinitazama meno. Kumbe natimiza hamsini kamili tarehe 13, na ni Jumapili. Nitafanya sherehe hapa kwangu Uriri. Keki na kila kitu. Wacha waone.

Jumatano, 9 Agosti

Fundi Mwikwabe amemaliza kupaka. Rangi nyekundu ya mafuta, herufi futi moja, juu ya ukuta wa mbele: NASHON J. ALIZALIWA 13.8.1917. Inasomeka kutoka barabarani.

Ndugu yangu Cephas alipita, akasimama, mikono mfukoni kama kawaida. "Omera, watu huandika jina la duka. Wewe umeandika kama kaburi. Sasa tungoje tarehe ya pili?" Mwikwabe akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

Wacheke. Nilibeba mawe miaka tisa ndani ya mgodi wa Macalder, Cephas akila ugali wa mama. Kinu cha kusaga nilikinunua mimi. Ijumaa ya tarehe 18 kamati ya mipaka inakuja kugawa shamba la Baba. Kifungua mimba huchukua upande wa kulia mpaka barabarani, na kinu changu kiko hapo hapo. Cephas atabaki na upande wa mawe. Hapo ndipo tutacheka.

Ijumaa, 11 Agosti

Mama hataki kuja. Miguu, anasema. Nimemwambia pick-up ina magurudumu manne, haina shida ya miguu.

Nimemwomba Baba alete karatasi yake ya Kariakor, jeshi la wabeba mizigo, ile anayoficha kwenye mkebe wa tumbaku tangu vita vya kwanza. Nimeshachongesha fremu ya kioo. Nitaisoma mbele ya watu, kisha itundikwe sebuleni. Mzee akavua kofia, akaivaa tena. "Nitakuja nayo. Lakini uisome kwanza peke yako."

Peke yangu ya nini? Ni namba na muhuri tu.

Jumapili, 13 Agosti

Watu sitini na watatu, viti arobaini. Fahali mmoja, mbuzi wawili. Keki ya ghorofa tatu kutoka kwa Mhindi wa Migori, mishumaa hamsini. Nilizima yote kwa pumzi mbili.

Nilimsimamisha Orpah, kitinda mimba wangu, miaka kumi na mmoja. Nimemfundisha hesabu za kichwa, hali chakula kabla ya kujibu tatu. Miaka hamsini ni siku ngapi? Akafumba macho. "Elfu kumi na nane, mia mbili sitini na mbili." Hata miaka mirefu hakuisahau! Wakapiga makofi. Mzee Caleb wa kamati alimpa shilingi.

Kisha mkebe. Baba alikuwa ameketi karibu na Mama, amevaa kofia. Akaushika mpaka nikauvuta. Nikafungua karatasi, nikaanza kuwasomea kwa sauti ya kanisani. Javan, mbeba mizigo. Amechukuliwa 2 Machi 1916. Ameachiwa 20 Desemba 1918. Muda wote Tanganyika, hakupewa likizo.

Mdomo ulitangulia kichwa. Kufika "likizo" nilikuwa nimeshamaliza hesabu. Nikakunja karatasi. Nikasema tule.

Cephas hakuinuka. Alitazama ukuta, akanitazama mimi. "Ngoja kidogo, omera. Orpah, mwalimu wangu, hebu nisaidie. Kutoka Machi 1916 mpaka Agosti 1917 ni miezi mingapi?"

"Kumi na saba."

"Na mtoto hukaa tumboni miezi mingapi?"

"Tisa." Mtoto anatabasamu, anangoja makofi!

Mtu mmoja nyuma alipiga. Kisha kicheko, kwanza kwa wanawake jikoni, kisha kila mahali. Mtu akauliza kama Javan alikuwa na mkono mrefu wa kufika kutoka Tanganyika. Cephas akala keki. Vipande vitatu, nilihesabu.

Baba hakushtuka. Hilo ndilo linaniuma. Hakushtuka hata kidogo.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimemchapa Orpah. Fimbo nne. Mke wangu Filister akasimama katikati, akauliza kosa la mtoto ni lipi. Nikamwambia ni kujibu.

"Si ndivyo ulivyomfundisha?"

Hakuna kurudi nyuma. Mama alirudi kwake jana kwa miguu. Maili tatu na nusu. Pick-up ilikuwa hapo uani, ufunguo mfukoni mwangu.

Jumanne, 15 Agosti

Nimekwenda kwa mzee Caleb. Anasema ng'ombe wa mahari walitoka kwa Javan, kwa hiyo mimi ni wa Javan, mila haina shida. Lakini upande wa kulia? Cephas amesema kwenye kamati kwamba upande wa kulia ni wa mtoto wa kwanza wa damu. Kamati imegawanyika wanne kwa wanne. Caleb ndiye wa tisa.

"Ile karatasi iletwe," akasema. "Na mama yako aje aseme ni mwaka gani. Pengine karani wa misheni alikosea."

Pengine alikosea. Miaka miwili tu. Agosti 1915, Baba yuko nyumbani bado, analima.

Jumatano, 16 Agosti

Mama alikuwa anaanika omena. Nilisimama, hakuniambia niketi. Nikauliza ni nani. Akageuza samaki. Nikauliza tena.

"Ulitafuta tarehe ya nini, Nashon? Mimi nilikuwa nimekuficha vizuri."

Nikamwambia Ijumaa ataapa ni 1915. Akasema ameshazeeka, hawezi kuapa uongo na kaburi liko karibu. Nikamwambia debe lake la unga la kila wiki linatoka kwenye kinu changu, na kinu kikienda kwa Cephas atakula kiapo chake na omena. Nilisema hivyo. Nimeandika kama nilivyosema.

Alifuta mikono kwenye leso. "Umefanana naye," akasema. "Na yeye alijua kusema hivyo."

Akarudia samaki wake. Nilisimama pale kama nusu saa.

Alhamisi, 17 Agosti

Mwikwabe yuko kwenye ngazi tangu saa nne. Saba igeuzwe tano. Anasema tano ina tumbo, saba haina, itabidi akwangue kwanza, na rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja. Nikamwambia kamati haiji kugusa ukuta, inakuja kusoma.

Baba amekuja. Kwa miguu, na fimbo. Anataka karatasi yake.

Iko kwenye mfuko wa shati langu, ninaisikia ninapoinama kuandika. Nimemwambia imepotea siku ya sherehe, watu walikuwa wengi. Hakubishana. "Mimi sishindani na mtu juu ya shamba," akasema. "Ile ni miezi yangu thelathini na tatu. Nitangoja." Thelathini na tatu! Hajui kusoma, lakini hii anaijua. Kwa hiyo na ile nyingine aliijua, tangu siku aliporudi akakuta mtoto anatembea. Miaka arobaini na tisa ananiita wa kwanza.

Ameketi kwenye kigogo chini ya ngazi. Filister amempelekea uji. Vipande vya rangi nyekundu vinamwangukia kwenye kofia, hasogei. Naandika hapa dirishani, nawaona wote.

Jikoni moto bado unawaka, karatasi moja haichelewi kuwa jivu. Au nitoke na karatasi nimpe mkononi, aipeleke anakotaka. Cephas anaijua njia ya kwa Baba.

Sasa Baba amemwita Orpah. Mtoto amekuja polepole, bado anatembea upande upande kwa zile fimbo.

"Nyakwara, mjukuu wangu, mimi sina macho ya kusoma. Huyu fundi anaandika nini hapo juu?"

Mwikwabe ameacha kukwangua. Orpah ameangalia ukuta. Amegeuka, anatazama dirishani, kwangu.